Petroli haioshi valvu tena

Wiki iliyopita nilifungua manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kwenye gari la mwalimu mmoja wa Isevya, hapa Tabora. Injini ya petroli ya lita 2, ina turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Asubuhi ikiwashwa inamisi na kutetemeka kama bajaji, ikipata moto inatulia. Plagi alishabadilisha, na koili pia. Nikamulika tundu la silinda ya tatu, nikamwita aone. Valvu ilikuwa imevaa gamba jeusi kama ukoko wa wali, juu kavu, chini bado lina oili. Nikalikwangua kwa bisibisi, likabanduka vipande.

"Fundi, mbona kila mwezi naweka dawa ya kusafisha injini kwenye tangi?"

"Mwalimu, hiyo dawa hapa haifiki."

Injini tulizozoea, nozeli inakaa nje ya silinda na kupuliza petroli mgongoni mwa valvu ya hewa. Petroli, pamoja na sabuni iliyochanganywa ndani yake, inaiosha muda wote injini inapozunguka. Hizi mpya kama ya mwalimu zinapuliza ndani kabisa ya silinda, na valvu inapitisha hewa tu. Dawa ya tangi inasaidia ncha za nozeli, hilo sikatai, ila valvu haipati hata tone. Ndiyo maana napenda mfumo wa D-4S wa Toyota: kila silinda ina nozeli mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje inaendelea kuosha.

Sasa uchafu unatoka wapi? Kwenye oili. Moshi kidogo hupenya ringi za pistoni ukashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na presha ya turbo inauongeza. Lazima utoke, kwa hiyo hosi inaurudisha kwenye njia ya hewa ukiwa na mvuke wa oili. Mvuke unagusa valvu ya hewa iliyopata joto, unanata, unaiva. Turbo yenyewe nayo inaweza kuchangia, maana shafti yake inaelea kwenye oili ya injini. Bomba la kurudisha oili likiziba, oili inavujia upande wa hewa. Ukivua hosi ya intakula, kile kipoza hewa ya turbo, ukakuta utando mwembamba wa oili, usiogope. Ukikuta imetuama, ita fundi.

Kwa hiyo hela ya dawa iweke kwenye oili. Sintetiki, ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Oili hupimwa inavyopotea kwa joto: inakaa nyuzi 250 kwa saa moja, halafu inapimwa uzito uliopungua. Daraja la C3 la ACEA, chama cha watengeneza magari wa Ulaya, kwa mfano, haliruhusu ipotee zaidi ya asilimia 13. Isiyopotea haraka inapeleka mvuke mchache kwenye valvu. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, kitabu kiseme kinachosema, kwa sababu gari la Tabora mjini linatoka Cheyo hadi sokoni na kuzimwa kabla oili haijapata moto. Maji na petroli vinabaki ndani yake. Safari ya Urambo mara moja moja inavikausha. Lakini anayekwambia ukikanyaga mafuta barabara kuu ukoko utaungua, anakudanganya. Valvu ya hewa haifiki joto hilo.

Ukishaganda ni kuung'oa kwa mkono. Wenzetu wanapuliza unga wa maganda ya jozi. Mimi natumia brashi, dawa ya kulainisha na kifyonza. Kwanza nazungusha injini mpaka valvu za silinda ile zifunge, vinginevyo uchafu wote unadondokea kwenye pistoni. Silinda nne zinakula siku nzima. Kupuliza dawa injini ikinguruma sipendi kwenye turbo, kwani kipande kikibanduka kinapita kwenye mapanga yake.

Jambo moja unaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, jaribu kuinua kifuniko cha oili. Kuvutwa kidogo ni kawaida. Cha mwalimu kilikuwa kimeng'ang'ania, nilipokilegeza kikapiga mluzi. Kiwambo cha valvu ya kupumulia injini, ile inayoongoza moshi wa sampu kurudi kwenye njia ya hewa, kilikuwa kimechanika, na manifoldi ilikuwa ikifyonza oili kupitia hapo. Kipuri kidogo, kinaenea kiganjani. Tumekiagiza Dar, na gari bado liko kwangu.