Atichoki ya kujazwa, na hiyo "ardhi" mnayoisikia ndani yake

Nimeshasikia mara nyingi mno, hasa kwa ndugu zetu wa Muscat na Dubai wakishatoka kula kwa Walebanoni, eti atichoki ni jina la Kiarabu, ardi shoki, yaani mwiba wa ardhini, na Mswahili akisikia ardi anadaka hapohapo maana ardhi ni neno letu, anaondoka ameridhika kabisa. Jamani, sivyo.

Atichoki ni tumba la ua linalokatwa kabla halijachanua, mmea wake una miiba na ni wa ukoo mmoja na alizeti. Ya kujazwa ni hiyohiyo imetiwa vitu ndani ikapikwa. Basi.

Sasa jina. Kiarabu chenyewe ni kharshuf, na Misri mpaka leo sokoni unaomba kharshuf. Waarabu wa Andalusia walisema al-kharshufa, Wahispania wakalichukua pamoja na al yake likawa alcachofa, Waitalia wakapata carciofo, kule kaskazini kwao likageuka articiocco, na hapo ndo Wafaransa wakapata artichaut na Waingereza artichoke. Halafu likarudi Sham, yaani pande za Syria na Lebanoni, limeshabadilika sura, watu wakasikia ndani yake ardi na shawki, ya ardhi na ya miiba, maneno ambayo tayari walikuwa nayo, wakalitamka hivyo. Kwa hiyo ardi shoki ndo imetoka Ulaya, Ulaya haikutoa kwake.

Na jina linakusaidia mezani. Ukiagiza ardi shoki kwa Walebanoni utaletewa vitako tu, majani yote yametolewa, juu nyama ya kusaga na mbegu za msonobari, tamu sana. Ila kama unataka ile nzima iliyojazwa chenga za mkate, thomu na jibini katikati ya kila jani, ya Kisicilia, ambayo New Orleans, kule Marekani, wanaiweka kwenye altare ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi, hiyo ulizia kwa Waitalia, carciofi ripieni. Nyumbani usiipakue mpaka uvute jani la ndani litoke lenyewe, na zile nywele za katikati zikwangue zote kwa kijiko, zinakaba koo.

Mtu akikwambia mezani kwamba inatokana na ardhi, mwambie tu taratibu, ni kharshuf, halafu msogezee sahani.