Mofini, heroini na kitasa kimoja cha ubongo: maswali na majibu

Karibu kila mara chupa ya mofini ya maji inapotolewa wodini, yupo ndugu wa mgonjwa anayenivuta pembeni. "Sista, hii si ndiyo ile wanayotumia mateja?" Mimi ni muuguzi, nimehudumia wagonjwa wa saratani kwa miaka mingi, na swali hilo sijawahi kuliona la kipuuzi. Linagusa hasa pale ambapo wanasayansi wa ubongo wamehangaika kwa zaidi ya nusu karne. Jibu ninaloliamini kuliko mengine lilitoka kwa Mfaransa mmoja, Brigitte Kieffer, na panya wake. Nitafika kwake, lakini nianze na mambo ya awali.

Kwani mofini na heroini ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa tumbo moja. Zote asili yake ni afyuni, utomvu wa mmea wa mpopi. Heroini hutengenezwa kwa kuibadili mofini kidogo tu kikemia, na ikishaingia mwilini hugeuka ikawa mofini tena. Kinachozitofautisha sana ni mwendo. Heroini ya kujidunga hufika ubongoni kwa sekunde chache, ndiyo maana ile raha yake huja kama wimbi. Mofini ya kunywa hupita tumboni na kwenye ini kwanza, ikapanda taratibu.

Kipokezi ni nini?

Ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, nusu nje nusu ndani, ikisubiri kemikali inayoifaa. Mimi hueleza kwa mfano wa kitasa na ufunguo. Dawa ni ufunguo, kipokezi ni kitasa. Ufunguo ukiingia ukazunguka, ujumbe unapita hadi ndani ya seli, na kwa vipokezi vya mofini ujumbe wenyewe ni "tulia": neva inapunguza kupeleka mbele habari za maumivu.

Mwili una funguo zake za kuzaliwa nazo. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen kule Uskoti, walipata kwenye ubongo wa nguruwe kemikali mbili ndogo zinazofanya kazi kama mofini, wakaziita enkefalini. Kwa hiyo kitasa hiki hakikuwekwa kwa ajili ya afyuni. Afyuni ni ufunguo wa mtaani uliotokea kukiingia.

Ilijulikanaje kwamba kitasa hicho kipo kweli?

Kwa kazi ya msichana aliyekuwa bado mwanafunzi wa uzamivu. Candace Pert alikuwa katika maabara ya Solomon Snyder, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Kabla ya hapo aliwahi kuanguka kutoka kwenye farasi akaumia uti wa mgongo, akapewa mofini hospitalini, kwa hiyo alijua kwa mwili wake mwenyewe inavyotuliza.

Alisaga ubongo wa panya, akauchanganya na naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, iliyotiwa mionzi, akachuja upesi, akaosha, halafu akapima mionzi iliyobaki kwenye kichujio. Ilikuwa mingi, maana yake kuna kitu kimeing'ang'ania dawa. Lakini dawa inaweza kunata popote, hata kwenye glasi. Alijuaje kwamba hicho ni kipokezi? Alitumia mapacha wawili wa kikemia wenye atomu zilezile, mmoja akiwa kama sura ya mwenzake kwenye kioo. Pacha anayetuliza maumivu aliing'oa naloksoni pale ilipokaa. Asiyetuliza alishindwa. Kitasa kilikuwa kinachagua.

Matokeo yalichapishwa Machi 1973, na mwaka huohuo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala, Uswidi, walifikia jambo hilohilo kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1978 tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba huko Marekani, ikaenda kwa Snyder, Hughes na Kosterlitz. Pert aliachwa, na alilalamika hadharani. Naona alikuwa na haki.

Sasa Kieffer alifanya nini?

Tangu 1973 ilijulikana kipokezi kipo, na baadaye ikajulikana viko vya aina tatu: mu, delta na kapa. Lakini jeni zake hazikupatikana kwa karibu miaka 20. Bila jeni, huwezi kuzima kipokezi kimoja ukaacha vingine, na kila mtu alibaki kubishana kipi kinafanya nini.

Kieffer, akiwa Strasbourg, alichukua seli zenye vipokezi vingi vya delta, akanakili jeni zake, akazipandikiza katika seli zisizo na kipokezi hicho, kisha akatafuta ni seli zipi zimeanza kunasa dawa yenye mionzi. Mwaka 1992 aliipata jeni ya delta. Timu ya Christopher Evans huko California iliipata wakati uleule. Jeni za mu na kapa zikafuata haraka.

Halafu ikaja kazi ninayoipenda zaidi, iliyochapishwa 1996. Timu yake ilizalisha panya wasio na kipokezi cha mu kabisa, ikawapa mofini. Mtihani wa kwanza ulikuwa wa maumivu: panya anawekwa kwenye bamba la moto, na mtafiti anahesabu sekunde hadi aanze kulamba miguu. Panya wa kawaida akipewa mofini huchelewa kulamba. Panya wasio na mu walilamba kana kwamba hawakupewa kitu.

Mtihani wa pili ulikuwa wa raha. Panya anapewa mofini akiwa katika chumba kimoja, siku nyingine anapewa maji ya chumvi katika chumba cha pili, kisha mlango unafunguliwa achague mwenyewe. Wa kawaida huenda kukaa kule alikopata mofini. Wasio na mu hawakujali chumba kipi. Mwisho walipewa mofini siku kadhaa mfululizo, ikakatishwa ghafla kwa naloksoni. Panya wa kawaida walianza kurukaruka na kutetemeka, ile hali ambayo vijana wetu huiita arosto. Wale wasio na mu walitulia tu.

Tafakari maana yake. Nafuu, raha na arosto, vyote vitatu vinapitia mlango mmoja. Watu walikuwa wamesubiri kusikia kwamba kuna kitasa cha maumivu na kitasa kingine cha uraibu, ili dawa itengenezwe kwa ajili ya kimoja tu. Kwa mofini haiko hivyo. Mwaka 2014 Kieffer alipewa tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi.

Kama mlango ni mmoja, si baba yangu mwenye saratani atakuwa teja?

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni mwili kuizoea dawa. Hilo litamtokea karibu kila anayekunywa mofini kwa wiki kadhaa: ukiikatisha siku moja atatoka jasho, atahara, atakosa usingizi. Ndiyo maana ikibidi kuacha, daktari hupunguza kidogo kidogo. La pili ni uraibu, yaani kuitafuta dawa kwa udi na uvumba hata inapokuharibia maisha. Kuzoea peke yake si uraibu. Kwa mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini kwa kipimo na kwa saa, uraibu si jambo la kawaida. Sisemi haupo, aliyewahi kuwa na tatizo la dawa za kulevya amwambie daktari mapema, naye atahudumiwa kwa uangalizi zaidi.

Neno "kwa saa" lina uzito. Mofini ya maji hufanya kazi takriban saa 4, kwa hiyo hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yasije yakarudi kwanza. Nimewahi kukuta mama amejikunja kitandani, ameuma kona ya kitenge, chupa imejaa juu ya meza. Watoto wake walikuwa "wanamtunzia" dawa hadi hali iwe mbaya kabisa. Walifanya hivyo kwa upendo. Tulianza upya siku ileile kwa ratiba, na kesho yake jioni aliomba uji.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ikaonyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji hutoa dawa rahisi ambayo mgonjwa anainywa nyumbani kwake. Uganda ikabadili kanuni zake ili wauguzi waliosomea huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, waruhusiwe kuiandika. Dar es Salaam, mofini ya kunywa hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Mbona tangu aanze hapati choo?

Kwa sababu vipokezi vya mu viko hata kwenye utumbo, na huko navyo husema "tulia". Mwili huzoea kichefuchefu na usingizi baada ya siku chache, lakini choo kigumu hauzoei. Omba dawa ya kulainisha choo siku ileile mofini inapoandikwa. Loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara, inatumia vipokezi hivyohivyo vya utumbo. Kwa kipimo cha kawaida ubongo huirudisha mlangoni.

Mtu akizidisha, kinachomuua ni nini?

Pumzi. Kipokezi cha mu kipo pia kwenye shina la ubongo, panapoendeshwa upumuaji. Akizidisha, anasahau kupumua. Utamwona haamki hata ukimfinya, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, pumzi ni za kuhesabu, midomo na kucha zimekuwa za kijivu. Usimmwagie maji, usimnyweshe maziwa. Mwite, mtikise, mlaze ubavu, ita msaada. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni.

Naloksoni ndiyo dawa yake. Ni ufunguo unaoingia kitasani bila kuzunguka, ukaisukuma heroini nje, na mtu anaweza kuamka ndani ya dakika chache. Lakini nguvu yake huisha haraka, mara nyingi kabla ya dawa iliyomlevya kuisha mwilini, kwa hiyo hospitali ni lazima hata kama ameshakaa na anaongea.

Methadoni si kumpa teja unga mwingine?

Hapana. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini kliniki, inaingia kitasa kilekile, lakini inapanda polepole na kukaa zaidi ya siku nzima. Anayekunywa kikombe chake kliniki asubuhi hapati lile wimbi, na arosto haimkamati jioni. Anaweza kwenda kazini. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza huduma hiyo mwaka 2011. Nimewaona waliopata tena maisha yao kwa dawa hiyo, na inaniuma kusikia wanaitwa "mateja wa serikali".

Na dawa ya kikohozi yenye kodeini?

Ini huibadili kodeini kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao hufanya hivyo kwa kasi kupita kiasi, na mtoto wa namna hiyo anaweza kupoteza pumzi kwa kijiko cha kawaida. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba watoto chini ya miaka 12 wasipewe kodeini. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo hugusa kipokezi cha mu, na ukizidisha huleta degedege.

Je, itapatikana dawa kali isiyo na uraibu?

Njia ziko kadhaa. Panya wasio na kipokezi cha delta walionekana kuwa na hofu na dalili za sonona zaidi, kwa hiyo watafiti wanaifikiria delta kwa maumivu sugu yanayoambatana na huzuni. Baadhi ya dawa za mwanzo za delta zilileta degedege kwa wanyama, na hilo limechelewesha mambo. Kapa hutuliza maumivu lakini ubongoni huleta huzuni na unyong'onyevu. Dawa moja ya kapa isiyoingia sana ubongoni, difelikefalini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa muwasho wa wagonjwa wanaosafishwa damu. Na Januari 2025 iliidhinishwa huko suzetrijini, ambayo haigusi vitasa hivi kabisa. Inaziba njia ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, kwenye neva za maumivu nje ya ubongo. Inatumika kwa maumivu ya muda mfupi, kama baada ya upasuaji. Kwa maumivu makali ya saratani, mofini bado ndiyo tegemeo.

Mgonjwa akifariki na chupa haijaisha?

Huulizwa kwa sauti ndogo, mara nyingi baada ya arobaini. Usiimwage, usimpe jirani mwenye maumivu ya mgongo, usiiache kabatini wanakopekua watoto. Irudishe palepale ilipotolewa. Sisi huipokea, tunapima kilichobaki, tunaandika daftarini, na tunakupa pole.