Je, wajua kwa nini anayeandika Kiingereza kizuri hukwama akiongea?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaandika insha ya kurasa kumi kwa Kiingereza safi. Siku ya seminari mhadhiri anamuuliza swali jepesi kuhusu insha hiyohiyo. Anavuta "aaah", anatazama dari, mwishowe anamalizia kwa Kiswahili. Si lazima awe alinakili (ingawa wapo).

Kinachomponza ni muda. Mwaka 2009 watafiti walipima mazungumzo katika lugha 10 za dunia, wakakuta kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake hupita kama sekunde 0.2 tu. Lakini kutafuta neno moja kichwani na kuanza kulitamka huchukua kama sekunde 0.6, hata kwa lugha uliyozaliwa nayo. Kwa hiyo jibu lazima lianze kupikwa mwenzako akiwa bado anaongea. Kwa Kiswahili tunafanya hivyo bila kujua. Kwa Kiingereza, akili yote imeshatumika kusikiliza, na bado kuna nyakati za vitenzi za kupanga. Ndiyo maana mtu anayejua fika kwamba Kiingereza hutenganisha "yeye" wa kiume na wa kike, na kwenye karatasi hakosei, akiongea humgeuza mama yake kuwa mwanaume. Kalamu ilimpa nafasi ya kurudi nyuma kusahihisha. Mdomo haumpi.

Shule nazo hazikumwandaa. Shule za msingi za serikali zilizo nyingi hufundisha kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, tena hasa cha kunakili ubaoni. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kuandika. Ukitoka darasani, daladala ya Ubungo ni Kiswahili, hosteli Kiswahili. Na ukithubutu kumwaga ung'eng'e ukachapia, neno hilo linaweza kuwa jina lako mpaka mahafali. Kicheko hicho, kwa maoni yangu, kinaua Kiingereza kuliko sarufi.

Walimu wa lugha wana zoezi moja rahisi: simulia jambo kwa dakika 4, kisha jambo lilelile kwa dakika 3, halafu 2. Raundi ya tatu maneno yameshatafutwa, kilichobaki ni kuyatoa haraka. Msikilizaji abadilishwe kila raundi, maana yule wa kwanza ameshaisikia na ataanza kuchezea simu.