Bosi, wepesi wa kiwanda kubadilika hauji ndani ya boksi la mashine

Nimeulizwa tena, safari hii na mwenye kiwanda cha minofu hapa Mwanza: "Injinia, ninunue mashine gani ili tubadili bidhaa chapuchapu?" Swali hili linanichosha, maana hela huwa imeshatengwa na mimi naitwa kubariki tu.

Mwaka 1986 Ramchandran Jaikumar wa Harvard alilinganisha mifumo ya mashine zinazobadilika kazi, Marekani na Japani. Teknolojia ilikuwa ya aina moja. Mfumo wa Marekani ulitengeneza wastani wa aina 10 za vipuri, wa Japani 93. Tofauti ilikuwa kwenye usimamizi.

Sasa njoo kwetu. Laini inakata minofu mibichi ya sangara ya kwenda na ndege. Ndege inaahirishwa, mzigo uleule unatakiwa ugandishwe. Visu ni vilevile, meza ni zilezile. Muda unaliwa na lebo ambazo hazijachapwa, maboksi yaliyofungiwa stoo, na yule dada mmoja anayejua kupanga minofu kwenye trei za friza, ambaye zamu yake imekwisha. Wakati huo mnofu uko mezani na joto linapanda. Wafundishe wengine watatu kazi ya huyo dada!

Linaloniudhi zaidi ni watu kuchanganya wepesi wa kubadili bidhaa na wepesi wa kuhimili kiasi cha mzigo kinachopanda na kushuka. Sangara wakiadimika ziwani, kiwanda hakihitaji bidhaa ya saba. Unahitaji kiweze kusindika tani chache bila kuumia. Friza iliyojaa nusu haili nusu ya umeme. Friza mbili ndogo, moja ukaizima, zitakufaa kuliko moja kubwa ya gharama. Na kila bidhaa mpya inakuja na usafi wake, lebo zake na masalia yake stoo. Wepesi wa aina moja unaweza kukumalizia faida uliyoipata kwa wepesi wa aina nyingine.

Vitabu vinasema viwanda vyepesi kubadilika hufanya vizuri. Mimi nina shaka na mpangilio huo: kiwanda chenye faida ndicho kinachomudu mafunzo na watu wa akiba, kwa hiyo huenda faida ilitangulia.

Kwa hiyo bosi, kabla ya kwenda benki, mwambie msimamizi wa zamu aandike muda kuanzia mnofu wa mwisho wa oda ya kwanza hadi mnofu wa kwanza uliopita ukaguzi wa oda ya pili. Aandike na sababu ya kila kuchelewa. Niletee karatasi hiyo, ndipo tuongee mashine.