Mtoto wa Miaka Mitatu Hahitaji Simba

Kila inapokaribia likizo ya Desemba, wazazi wa Arusha na Moshi hunipigia simu kuulizia safari ya familia, nami nikipendekeza Hifadhi ya Taifa ya Arusha hujibiwa kwa maneno yaleyale: "Lakini Momella," yaani hifadhini humo, "hakuna simba." Mimi ni mwongoza watalii na dereva, na jibu hilo limenichosha kiasi cha kunifanya niandike. Ni kweli, simba hawapo. Ninachobisha ni dhana kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne hupelekwa hifadhini ili amwone simba, na kwamba asipomwona fedha za wazazi zimepotea.

Tuanze na mahali mtoto huyo anapoketi. Kiti cha gari la safari kimepimwa kwa mtu mzima, na mtoto aliyefungwa mkanda vizuri huona mbingu na vilele vya migunga tu. Paa tunalolinyanyua linamfaa mtu mwenye kimo cha kutosha kusimama na kuchungulia. Baba ananyoosha kidole kuelekea kichaka kilicho mita 200 kutoka njiani na kusema, "Yule pale kivulini, umeliona sikio lake?" Mtoto anakitazama kidole. Darubini haimsaidii, kwa kuwa kuilenga huwashinda hata wajomba zake. Simba mwenyewe, ambaye anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku, amejilaza kwenye nyasi za rangi yake na hana mpango wa kuinuka. Hatimaye mtoto anasema, "Nimemwona," ili aachwe kwa amani; wazazi wanafurahi, nami nikiwa nyuma ya usukani najua kwamba hajaona kitu.

Kwa umri huo, ukaribu wa mnyama una thamani kuliko umaarufu wake. Ukikunja Usa River na kupita geti la Ngongongare la Hifadhi ya Arusha, unakutana karibu mara moja na uwanda uitwao Serengeti Ndogo, ambako pundamilia, nyati na ngiri hula majani mahali ambapo mtoto anaweza kuwatazama bila kusaidiwa. Ngiri hupiga magoti ya mbele anapokula, kisha hukimbia mkia ukiwa wima, na sijawahi kubeba mtoto ambaye hilo halikumchekesha. Twiga hutoa ulimi mweusi wenye urefu wa sentimita 45 hivi, na maswali huanza hapo. Msituni kuna mbega, ambao watoto wao huzaliwa weupe kabisa ilhali wazazi wana rangi nyeusi na nyeupe; wadogo hulishika jambo hilo haraka na kudai ufafanuzi. Ukingo wa kreta ya Ngurdoto usikuchukulie muda mrefu, maana hairuhusiwi kushuka ndani na nyati wa chini huonekana kama sisimizi.

Wanaomtaka simba huniambia twende Serengeti. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia baada ya geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ni changarawe inayotikisa gari na tumbo kwa pamoja. Mtoto hawezi kushuka kuchimba dawa popote anapojisikia, kwa sababu ndani ya hifadhi watu hushukia sehemu zilizoruhusiwa tu. Mzazi anayeniambia kwamba watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio katika hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, anasema kweli, lakini kiingilio si gharama pekee ya safari. Kuna saa nane za mtoto anayelia, na hizo hulipwa na wote waliomo garini.

Mbung'o wa Tarangire nitawataja kwa ufupi: huvutiwa na rangi nyeusi na bluu iliyokoza, hivyo mvisheni mtoto nguo za rangi hafifu. Kreta ya Ngorongoro, kwenye eneo la chakula la Ngoitokitok, mtoto ale akiwa ndani ya gari, kwa kuwa mwewe wa pale hunyakua paja la kuku mkononi na kucha zao hazichagui.

Yapo mambo ambayo bado yananitatiza. Gari likiwa limesimama na injini imezimwa, humruhusu mtoto kusimama kwenye kiti huku mzazi amemshika kiunoni, ingawa mwenzangu mmoja hulikataa hilo kabisa na hoja zake ni nzito. Kuhusu simu yenye katuni, niliwahi kuipiga marufuku, kisha nikairuhusu barabarani, na hata sasa nasita. Pia kuna watoto wanaovunja kanuni yangu yote: nilimbeba binti mdogo aliyemkazia macho simba aliyelala mpaka kaka zake wakachoka kusubiri, naye hakutaka tuondoke.

Wenye watoto waliofikisha miaka saba au minane, nendeni Serengeti, lakini mlale Karatu njiani na mkifika mkae kambi moja angalau usiku mbili. Wenye wadogo, muwe getini Ngongongare asubuhi na mapema linapofunguliwa, na saa sita mchana mtoke, hata kama babu yao ndiyo kwanza ameanza kufurahia.