Viza ya matembezi si ruhusa ya kufanya kazi

Swali ninaloulizwa sana hapa Mombasa, na vijana wa Kisauni, Likoni hata Changamwe, ni hili: ajenti anasema niende Dubai kwa viza ya matembezi, nikishafika nitabadilishiwa, je, niende? Mimi humjibu: usiende.

Kubadilisha viza ukiwa kule kule kunawezekana, na wapo waliofanikiwa. Lakini sheria inakukataza kushika kazi kabla kibali hakijatoka. Siku zinayoyoma, kodi ya kitanda inadaiwa, na viza ikiisha kila siku ya kuzidi ina faini yake. Hapo ndipo watu hukubali kazi yoyote kwa mshahara wowote, na hawana pa kushtaki. Mwaka 2024 Imarati, nchi ilimo Dubai, ilipandisha faini ya mwajiri anayeajiri mgeni asiye na kibali, sasa ni dirhamu 100,000 hadi milioni 1. Mwajiri wa kweli anakuombea kibali ungali nyumbani, tena kwa gharama yake, kwani sheria ya kazi ya huko haimruhusu kukutoza.

Saudia mambo ni mazito zaidi. Kule iqama, yaani kadi yako ya ukaazi, imefungamana na kafili wako, mwajiri aliyekudhamini. Yeye ndiye wa kukutolea na kuilipia. Mageuzi ya Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wengi wa kampuni nafuu ya kuhama mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuguswa. Inaniuma, maana dada zetu wengi wa Pwani huenda kwa kazi hiyo hiyo. Ukitoka nyumba ya kafili bila utaratibu, anaweza kukuripoti kuwa umetoroka, hata kama ulikuwa unakimbia kipigo.

Kwa hivyo kinga ianzie huku. Jina la wakala litafute katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba wa kazi ya nje, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, uthibitishwe na afisa wa leba kabla hujasafiri. Kisha uweke mkataba na viza pamoja, usome: jina la mwajiri ni lile lile? Kazi ni ile ile? Zikitofautiana, pasipoti ibaki mkononi mwako mpaka zirekebishwe.