Presha na sukari katika chumba cha walimu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Chai ya saa nne, mandazi mezani, na mwalimu mmoja anasema amepimwa presha kwa kemisti. Papo hapo kila mtu ana neno. Mengi yanayosemwa hapo si kweli, na baadhi yake yanafupisha maisha ya watu.

"Ningekuwa na presha, kichwa kingeniuma."

Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili yoyote. Damu inasukuma kuta za mishipa kupita kiasi, mishipa midogo ya figo na macho inaharibika, na mwenyewe anafundisha kama kawaida. Kwa wengine, dalili ya kwanza ni kiharusi. Kichwa nacho huuma kwa njaa, kwa usingizi haba wa mtu anayewahi matatu ya alfajiri, au kwa kelele za darasa lililojaa. Hakuna njia ya kujua ila kupima.

"Mashine ilisoma juu, basi nina presha." Au: "Mashine za kemisti hudanganya."

Aghalabu kosa liko katika upimaji. Mwalimu ametoka darasani mbio, mkanda unafungwa juu ya sweta, mkono unaning'inia, na anaulizwa habari za mitihani huku mashine ikivuma. Namba ya namna hiyo haifai kumtibu mtu, wala haifai kumtuliza.

Pima hivi. Nusu saa kabla, usinywe chai wala kahawa na usivute sigara. Nenda msalani kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo zimetua sakafuni, miguu haijapishana. Mkono ulale juu ya meza, usawa wa moyo. Mkanda ukae juu ya ngozi tupu, ukingo wake wa chini vidole viwili juu ya kiwiko. Mkanda ukiwa mwembamba kwa mkono mnene, namba itapanda bure. Usizungumze. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote.

Namba ya juu ikisoma 140 au ya chini 90, ama zaidi, katika siku mbili tofauti kituoni, hiyo ni presha. Ukijipimia nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, kipimo ni wastani wa 135 kwa 85. Ikifika 180 au 110, muone daktari siku hiyo hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, ukungu machoni au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, twende hospitali sasa hivi, kipindi kitafundishwa na mwingine.

"Dawa za presha ukizianza umefungwa."

Hii ndiyo inayotuumiza zaidi, kwa sababu huwafanya watu wenye akili timamu kuacha vidonge presha ikishuka. Imeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiacha, inarudi ilikokuwa, si kwa kuwa mwili umezoea dawa, bali kwa kuwa chanzo bado kipo. Kama dawa inakusumbua, sema. Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na hiyo ni adhabu kwa mtu anayeishi kwa sauti yake. Daktari anaweza kukubadilishia kwa losartan. Amlodipine huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Hilo nalo lina marekebisho.

"Nasimama siku nzima, hayo ni mazoezi."

Kusimama ubaoni hakuupi moyo kazi ya kutosha. Zinahitajika angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokuwezesha kuongea lakini si kuimba. Shuka matatu kituo kimoja au viwili kabla, utembee haraka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano: ni 150 kamili.

"Sijawahi kupenda sukari, kisukari kitanipataje?"

Kisukari cha aina ya pili hutokana na urithi, mafuta ya tumboni, kukosa mwendo na kula kupita mahitaji. Chai bila sukari haimwokoi mtu aliyeila na mandazi matatu. Unga mweupe unageuka glukosi, yaani sukari, tumboni. Hata ugali wa unga usiokobolewa hupimwa: robo ya sahani, robo nyingine maharagwe, ndengu au samaki, nusu iwe sukuma wiki au managu. Kipimo cha sukari ya damu kabla ya kula, baada ya kufunga kwa muda wa saa nane, kikifika 7.0 mmol/L, rudi kipimo kithibitishwe.

"Ni maradhi ya wakubwa."

Kisukari cha aina ya kwanza huwapata watoto. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda choo kila mara, anayemaliza chupa baada ya chupa ya maji huku akikonda, huonekana mtoro. Mwite mzazi, mtoto apimwe leo. Akicheleweshwa anaweza kupoteza fahamu.

Anayejulikana kuwa anadungwa insulini, dawa ya kushusha sukari, akianza kutoka jasho, kutetemeka na kujibu mambo yasiyoeleweka, sukari yake imeshuka. Usimtume ofisini peke yake. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe akiwa ameketi. Ngoja dakika 15. Hajapata nafuu, rudia. Akitulia, mpe mkate au githeri, kwa maana sukari ile haidumu. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, hata sukari: mlaze kwa ubavu na mtafutie gari la hospitali.